Mchezo Uliokimbiza Soko

Mimi ni mkosoaji wa gemu. Cheo hicho nilijipa mwenyewe nikiwa kidato cha tatu, na hakuna aliyekipinga kwa sababu hakuna aliyekitaka. Nilikuwa na daftari la hesabu ambalo hesabu zake zilikata tamaa ukurasa wa nne. Kuanzia ukurasa wa tano ziliingia hukumu. Kila gemu niliyoicheza niliiandikia kesi yake na kuipa alama juu ya kumi, na darasani daftari lilipita chini ya madawati mpaka likarudi kwangu na mafuta ya chapati.

Niliandika mambo ambayo watengenezaji, huko waliko, walikuwa hawajaambiwa na mtu. Kuhusu gemu ya mpira niliandika kwamba mwamuzi hajawahi hata siku moja kutazama jukwaa la wakubwa kabla ya kupuliza penalti, kwa hiyo hii si gemu ya mpira, ni hekaya. Kuhusu gemu ya magari: barabara haina shimo, dereva hajasimamishwa na trafiki tangu aanze safari, alama nne. Kuhusu gemu ya kupigana: wasichana wanarushiana mateke wakiwa wamevaa vitambaa ambavyo mama yangu asingekubali hata kushikia sufuria, na bado nywele haziharibiki, alama saba, moja imekatwa kwa heshima ya mama. Wenzangu wa Bugolobi, wenye mashine zao nyumbani kwenye maghorofa, walisema nina wivu. Ni kweli. Mkosoaji asiye na wivu atapata wapi nguvu ya kuandika.

Mimi nilichezea kibandani, katika soko la Kalerwe, Kampala, nyuma ya mstari wa wauza nyanya. Mabati pande zote, televisheni nne, benchi zilizokuwa za kanisa, na joto la kuivisha ndizi. Mwenye kibanda alikuwa Mkenya, na sote tulimwita Mkenya, naye hakujali. Jumapili asubuhi alifunga akaenda kusali, na siku nyingine zote ukitukana ndani ulitolewa na pedi ya kuchezea ikapewa mwingine. Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba wenye sare ya shule hawaingii. Hapo ndipo jaja wa mboga alipoingia maishani mwangu.

Jaja kwa Kiganda ni bibi. Hakuwa bibi yangu. Aliuza nakati na mchicha kwenye meza iliyogusana na ukuta wa kibanda, na alinifichia mkoba na shati la shule chini ya meza hiyo, nami nikaingia ndani na fulana kama mtu mwenye kazi yake. Nikitoka alinikabidhi mkoba pamoja na matusi. "Shika vitabu vyako, profesa wa televisheni. Vimesoma kuliko wewe." Tuliongea Kiganda. Hakuwahi kuuliza kwetu ni wapi, na mimi sikusema, maana Kiganda changu kilimtosha. Kiswahili hakukigusa. Mteja Mkongo akimuuliza bei kwa Kiswahili, jaja alimwonyesha vidole, akatazama pembeni kama aliyepitiwa na harufu.

Kampala ina desturi moja ambayo wageni huishangaa. Kwenye vibanda vya video, filamu haiachwi iseme yenyewe. Hukaa mtu na kipaza sauti, akapunguza sauti ya waigizaji, akaeleza yote wanayosema na mengi wasiyosema: jambazi anamdai shujaa kodi ya nyumba, malaika analalamikia bei ya sukari. Watu hawaendi kumtazama shujaa, wanaenda kumsikia huyo. Mimi niliichukua desturi hiyo nikaihamishia kwenye gemu. Wenzangu wanacheza, mimi nimekaa kwenye kreti la soda na kipaza sauti, naeleza. Waliofanya kwa Kiganda walikuwepo wengi na walinizidi. Basi nikachagua Kiswahili, kwa ajili ya Wakenya na Wakongo na vijana wa kambi ya polisi ninakokaa, na Mkenya akafurahi sana hivi kwamba alitundika spika moja nje, juu ya mlango, wapita njia wajue kuna raha.

Kiswahili changu sikukipata shule. Baba yangu ni askari wa polisi, mtu wa kaskazini, na kambini kwetu Kiswahili ndicho kinachoamsha watu. Ndicho cha kuchota maji, cha paredi, cha kugombania kamba ya kuanika nguo. Asubuhi lori la kambi lilitupeleka watoto shule, na baba alisimama nyuma yake, miguu imepanuka, akitupakia: "Nyinyi, panda gari. Wote panda gari, haraka. Nani huyu anatembea kama bwana harusi?" Tulicheka tukapanda. Sauti yake ile niliweza kuiigiza mpaka mama akaitika jikoni. Hicho ndicho kilichokuwa kipaji changu chote. Wengine wana mguu wa kushoto, mimi nilikuwa na koo la baba.

Kisha ikaja gemu ya vita. Ilifika katikati ya wiki, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimeshaihukumu. Unakuwa askari katika mji fulani wa vumbi usio na jina, unaingia nyumba kwa nyumba, unakusanya watu, unawapakia. Bunduki zinalia mpaka meno yanawasha. Askari wote wanaongea Kiingereza cha puani. Niliandika: hakuna anayeona njaa, hakuna anayetafuta choo, na kamanda hajamtuma hata mmoja akamnunulie sigara, kwa hiyo waliotengeneza hawajawahi kukaa kambini. Lakini inatisha vizuri. Alama tisa. Hakuna gemu niliyokuwa nimeipa tisa.

Jumamosi hiyo umeme ulikatika asubuhi na kurudi alasiri. Kibanda kilijaa mara moja. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye masomo ya Jumamosi, mkoba uko chini ya meza ya jaja. Kabla ya kukatika, Mkenya alikuwa ameongeza sauti mpaka mwisho ili ashindane na mhubiri wa kona, na uliporudi hakuna aliyekumbuka kupunguza. Mkenya mwenyewe alikuwa ametoka kununua chapati. Mtu akaweka gemu ya vita, mwingine akanirushia kipaza sauti, akasema, "Afande, eleza."

Nikaeleza. Ilikuwa mara ya kwanza kuieleza gemu hiyo, na nilijua tangu neno la kwanza kwamba siku ile nilikuwa moto. Kiingereza cha puani nikakipeleka mbali, nikamleta baba, kwa mara ya kwanza kwenye spika ile. "Zunguka hii nyumba. Hakuna mtu kutoka. Nyinyi wa ndani, toka nje, mikono juu, lala chini." Risasi zikapigwa kwenye televisheni, spika zikatetemeka, vijana wakapiga miguu sakafuni kwa raha. "Wewe mwenye shati ya blu, unaangalia nini? Amka. Panda gari. Wote panda gari, haraka." Nilitoa jasho. Nilipata hata kikohozi chake, kile kidogo anachokohoa kabla ya kukasirika.

Sijui niliendelea kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba mlango ulifunguka, Mkenya akaingia bila kandambili, uso umemkauka kama chaki, akapita juu ya magoti ya watu na kung'oa waya ukutani. Televisheni zote zikafa.

"Kijana," akasema, "kuja uone umefanya nini."

Nikatoka. Kalerwe haina kimya. Hata mvua ikinyesha Kalerwe, watu wanapiga kelele kuishinda. Nilisikia kimya kile kabla sijaona chochote. Nyanya zilikuwa zimemwagika njia nzima, nyingine zimekanyagwa. Sufuria ya maharage ilichemka yenyewe. Kandambili zilitapakaa kama samaki waliomwagwa, na hakuna hata miguu miwili ya kuzivaa. Redio moja ilikuwa inatangaza vifo, peke yake, hakuna msikilizaji.

Nitasema ukweli: nilitafuta askari. Niligeuza shingo kulia na kushoto nikitafuta lori lao, na miguu yangu ilikuwa tayari kukimbia na mimi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilichokuwa nakiogopa kimetoka mdomoni mwangu.

Ndipo nikaanza kuwaona. Mwanamume chini ya gari la matoke, mikono kichwani. Mama kajifunika gunia. Kwenye mfereji mkubwa nyuma ya soko, ule wa maji machafu, wanawake walikuwa wamesimama ndani mpaka kiunoni, kimya, mmoja kamshika mtoto mdomo. Walitutazama mimi na Mkenya tukiwa tumesimama peke yetu katikati ya soko. Hawakutoka. Walisubiri tuwaambie kama wanaruhusiwa.

"Hakuna kitu," Mkenya akapaza sauti. "Ni gemu. Ni diski tu, wamama. Diski imeharibika."

Walipotoka, hofu yao ikageuka. Kalerwe haina subira na mwizi wa kuku, sembuse aliyeiba soko zima. Walisimama mlangoni wakichuruzika maji, wakauliza ni nani, ni nani aliyekuwa anaongea. Mkenya akarudia: diski. Hakunitazama. Watu walipopungua alinivuta nyuma ya mabati.

"Sikiza bana. Mimi ni mgeni hapa. Wakianza kupiga, wataanza na mimi, halafu wakufikie wewe, halafu wachome hii kibanda na Biblia yangu ndani. Ni diski. Umesikia?"

"Nimesikia, bosi."

"Unaitwa nani?"

"Diski," nikasema. Ndio mzaha pekee uliobaki, na hakuna aliyeucheka, hata mimi.

Nilienda kuchukua mkoba. Meza ya jaja ilikuwa imepinduka. Nakati zake zilikuwa zimekanyagwa, kisu chake cha kukatia kilikuwa chini, kitambaa anachofungia fedha zake kilikuwa chini pia, na juu yake kandambili moja. Alikuwa ameacha kila kitu chake. Mkoba wangu haukuwepo.

Jumatatu asubuhi, baba kasimama nyuma ya lori, akanitazama mikono mitupu. "Mkoba iko wapi?"

"Nimeuacha shule, mzee."

"Ukipewa bunduki, hiyo nayo utaacha wapi?" Watoto wakacheka. Baba hakucheka. Alisema, kama anayeongea na barabara, kwamba Jumamosi watu wa Kalerwe walipiga simu kituoni kuuliza kosa lao ni nini. "Tukawaambia, hatujatuma mtu. Wakasema asante afande, wakakata. Hawakuamini." Akakohoa kile kikohozi kidogo. "Mutu akijifanya askari, anafungwa. Sheria iko. Haya, panda gari."

Nilipanda. Ngazi ya lori ina vyuma vitatu, nami nikakosa cha pili.

Wiki ile sikuona raha ya chakula. Kila aliyenitazama mara mbili nilidhani amenijua. Njiani niliogopa wauza nyanya, nyumbani nikamwogopa baba, darasani nikaogopa kusoma kwa sauti mwalimu asije akaisikia ile nyingine ndani yake. Nilikuwa mtoto wa kwanza katika historia ya shule yetu kupongezwa kwa utulivu.

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, kwa hiyo hukumu mpya niliiandika kwenye karatasi. Ndani ya ile gemu, risasi ya kwanza ikilia, watu wa mji wanakimbia. Wanainua mikono, wanapiga kona, wanatoweka. Siku ya kwanza nilimfuata mmoja makusudi, mama mwenye kapu, nione anakwenda wapi. Alipopita ukuta hakukuwa na mtu, palikuwa na ukuta tu. Mashine inawafuta isichoke. Niliiona kuwa kasoro ndogo, nikaikatia alama moja, ndiyo maana ilipata tisa. Sasa niliandika kwamba hiyo si kasoro, hiyo ndiyo gemu yote. Imejengwa ili usijue wanaokimbia wanakimbilia wapi. Inajua kumtisha mwenye pedi peke yake, na katika mji mzima yeye ndiye pekee anayeweza kusimamisha kila kitu akaenda kukojoa.

Nikaitazama karatasi, nikaona nimeandika vizuri, nikajichukia. Maana haikuwa haki. Mwalimu wetu mmoja husema gemu zinafundisha watoto kuua, na ningependa sana siku ile kumwamini, ningemtupia gemu mzigo nikalala usingizi. Lakini gemu iliongea Kiingereza. Kwa siku zote tulizoicheza bila kipaza sauti, risasi zililia wee na wauza nyanya hawakugeuza hata shingo. Kilichokimbiza soko niliongeza mimi, na sikukitoa kwenye diski yoyote. Nilikitoa nyumbani, mahali ambapo ni kitu cha kuchekea na cha kwendea shule. Sikujua kwamba wenzetu wa mjini, wenye umri wa jaja, wanacho pia, tangu miaka ya askari na malori, wamekiweka mahali tofauti.

Jaja hakuonekana Jumatatu. Jumanne pia hakuonekana. Alhamisi nikajikaza, nikamkaribia muuza nyanya wa jirani, ambaye hakunijua, kwake nilikuwa mwanafunzi fulani tu mwenye shingo ndefu. Nikamuuliza wa mboga yuko wapi.

"Yule? Anahama. Nilikwenda kwake Kasubi jana, amefunga godoro. Jumamosi anakwenda kwa dada yake kijijini na anasema harudi tena mji huu. Miaka yote hii sokoni, banange, kisha hivi hivi."

"Si mlimwambia ni gemu?"

"Nimemwambia. Nikasema, Mkenya anasema ni diski. Alinicheka. Akasema, gemu za Wazungu zimejifunza Kiswahili lini?" Muuza nyanya akapanga nyanya zake mafungu mafungu. "Na mimi nikashindwa kumjibu. Lini kweli? Halafu analia mtoto fulani, anasema wamechukua mtoto. Mtoto gani, sijui. Nadhani kichwa kimeanza kumwacha."

Kichwa chake kilikuwa hakijamwacha popote. Katika Kalerwe nzima ni yeye peke yake aliyefanya ukosoaji wa kweli: alisikia uongo wa Mkenya, akauliza swali moja, uongo ukaanguka. Na kwa kuwa uongo ulianguka, aliachwa na jibu moja tu, kwamba askari walikuja. Hakuna mtu angeweza kumtoa hapo isipokuwa mwenye ile sauti. Nililijua hilo pale pale mbele ya nyanya.

Ijumaa baada ya shule nilikwenda Kasubi kwa miguu. Nilijiambia natembea ili nipate kufikiri, lakini nilitembea ili nichelewe. Njiani nilitunga namna kumi na mbili za kusema, na zote zilianza na neno "unajua."

Vyumba vilikuwa sita kwenye mstari mmoja, uani watoto wanacheza mpira wa matambara. Mlango wake ulikuwa nusu wazi. Godoro lilikuwa limeviringishwa na kufungwa kamba ya katani, sufuria zimo kwenye gunia, ukutani pamebaki alama ya kitu kilichotundikwa miaka mingi. Jaja alikuwa amekaa juu ya gunia jingine. Mkoba wangu ulikuwa mapajani mwake.

"Hodi," nikasema.

Aliinuka. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akayageuza huku na huku kama anayechagua tikiti maji.

"Walikuachia," akasema.

"Nani, jaja?"

"Usiwataje. Wamekupiga wapi? Vua shati nione."

"Jaja, sijapigwa."

"Hawawezi kukuachia bila kukupiga." Alikuwa ananipapasa mgongo juu ya shati, kwa haraka, kama anayetafuta sindano iliyopotea. "Nilikuita. Risasi zinalia nikasimama mlangoni pale nikakuita, nikasema kuna mtoto humo ndani hajatoka. Hukuitika. Kisha nikasikia, wewe mwenye shati ya blu, amka. Nikajua ni wewe. Nikachukua vitabu, mama yako apate kitu cha kushika."

Fulana yangu ya kibandani ni ya bluu. Sikuwa nimeikumbuka hata mara moja. Nilikuwa naeleza mtu wa kwenye televisheni.

Ningeweza kukubali. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ningeweza kusema, ndiyo jaja, waliniachia, asante kwa vitabu, na angenibariki, na Jumamosi angepanda basi.

"Hakukuwa na askari," nikasema.

"Na wewe umefundishwa hiyo diski?"

"Si diski. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa naongea."

Alicheka kweli, cheko la kutulia. "Wewe? Sauti yako ni ya mbuzi aliyekula sabuni."

"Namwigiza baba yangu."

Mikono yake iliniacha. "Baba yako ni nani?"

"Askari. Wa polisi. Tunakaa kambini." Nikaendelea kama mjinga: "Ni mtu mzuri. Anasema vile tukipanda lori la shule."

Alirudi kukaa juu ya gunia. Niliona anavyonipima upya, Kiganda changu chote, miezi yote ya mkoba chini ya meza. "Sema," akasema.

"Niseme nini?"

"Kile ulichokisema. Kama ni wewe, sema."

Nikasema, kwa sauti ndogo, nikitazama sakafu. Akatikisa kichwa. Hiyo siyo, akasema, hiyo ni ya mbuzi. Nilimwomba iishie hapo. Nilimwambia nitampeleka kwa Mkenya, atamweleza. Akasema Mkenya ameshaeleza. Basi nikasimama, nikakunja ngumi mbele ya mdomo kama kipaza sauti, nikafumba macho kwa sababu sikutaka kuona, nikamwita baba.

"Toka nje. Wote, mikono juu, lala chini. Wewe mwenye shati ya blu, unaangalia nini? Amka. Panda gari. Wote panda gari, haraka."

Uani mpira ulisimama. Nilifungua macho. Jaja alikuwa ukutani, mgongo umebana, kiganja kimoja kimeshika fremu ya mlango, na mkoba wangu ameukumbatia kifuani. Alikuwa ananitazama mimi, uso wangu, na bado alikuwa anaogopa. Nilidhani akinijua hofu itakwisha. Haikwisha. Ilinikaa mimi usoni.

"Jaja, ni mimi."

"Nyamaza."

Nikanyamaza. Nje mtoto mmoja akauliza kama kuna polisi, mwenzake akamwambia hapana, ni redio.

"Sivyo," jaja akasema hatimaye. Nilidhani bado haniamini. "Wao hawakusema hivyo. Wewe unapiga kelele. Wale waliokuja kwetu hawakupiga kelele. Mmoja alikuwa kijana, amekuzidi kidogo tu. Alipiga hodi." Kisha akabadilisha lugha. Sikuwahi kumsikia akisema neno moja la Kiswahili, nami nilidhani hakijui. Alikijua kuliko mimi. Kilitoka kwa upole, kila neno mahali pake, kama nguo iliyokunjwa sandukuni muda mrefu. "'Samahani, mzee. Njoo kidogo tu. Panda gari. Wewe mama usiogope, atarudi sasa hivi.'"

Akarudi kwenye Kiganda. "Mume wangu akaacha chai hapo mezani. Nikaifunika isipoe."

Nilisimama na ngumi yangu mbele ya mdomo, sijui kwa nini sikuishusha.

Akaweka mkoba chini, akapiga magoti kando ya godoro, akaanza kufungua kamba. Fundo la kwanza lilikuwa gumu, akaling'ata. Niliinama nimsaidie, akanipiga kofi mkononi.

"Kaa pale," akasema, akionyesha gunia mbele yake, "mahali ninapokuona."

Nikakaa. Mafundo yalikuwa mengi, naye hakuwa na haraka, na kila alipomaliza moja aliinua macho kuhakikisha bado niko na bado mdomo wangu umefungwa. Koo lilikuwa linaniwasha. Niliogopa kukohoa.